Majibu Kumi na Mawili ya Jaleesa

Kila alasiri Jaleesa, msichana wa nyumba ya pili, huja jikoni kwangu kufanya kazi ya shule na kunimalizia mkate wa mahindi. Alhamisi hiyo alikuja na karatasi ya Mwalimu Pruitt. Alitakiwa aulize nyumba kumi na mbili za mtaa wetu hapa Toledo, Marekani, kama sheria ya kununua bunduki iongezwe ukali, kisha aandike jibu na asili ya mtu. Jumatatu majibu yangesomwa mbele ya baraza la jiji.

Lakini Jumanne risasi ilikuwa imepasua dirisha la duka la kufulia nguo. Tangu hapo mapazia hayakufunguliwa, hata mbwa hawakutolewa nje. Jaleesa hakubisha hodi popote. Alijaza majibu yote kabla chai yangu haijapoa.

Nikachungulia. Weusi wote: ndiyo. Wazungu wote: hapana. Walatino, wenye asili ya Amerika ya Kilatini: hawajui.

"Na mimi nimesema ndiyo?"

"Ndiyo, Bibi Odessa."

"Nilisema saa ngapi? Nikikoroma?"

Akainama. "Si wewe ni mweusi kama sisi?"

"Mweusi mwenye bastola ya marehemu mume wangu, kwenye sanduku la kufuli. Andika hapana. Halafu vaa koti, tunatoka."

"Bibi, naogopa kugonga."

"Hata mimi. Ndiyo maana hatugongi."

Tulisimama kando ya barabara, mbele ya nyumba ya Bwana Wojcik, mzee wa kizungu anayeishi peke yake. Pazia likatikisika. Ndani, kitu cha chuma kikalia kwach. Jaleesa alinishika mkono hadi ukauma.

"Wojcik! Ni Odessa, na mtoto wa shule! Weka chini hicho kidude kabla hujajitoboa kidole cha mguu!"

Mlango ukafunguka kidogo. Jaleesa akauliza swali lake.

"Ndiyo," alisema mzee. "Iwe kali. Mwanangu alinunua bunduki yake Ijumaa, akiwa na hasira. Jumapili tulikuwa tunachagua jeneza lake."

Jaleesa akafuta ile "hapana" polepole.

Tulizipitia nyumba zote, mimi nikipiga kelele barabarani kama mwendawazimu. Bi Cantú, aliyeandikiwa kwamba hajui, alituhutubia nusu saa nzima. Nyumba ya mwisho haikujibu, ingawa macho tuliyaona dirishani.

"Niandike nini, Bibi?"

"Ulichokiona."

Akaandika: Hakufungua.

Kesho yake alimkabidhi mwalimu karatasi na kukiri mwenyewe kwamba mwanzoni alijijazia majibu. Mwalimu Pruitt aliipitia karatasi hadi mwisho.

"Ungeleta yale majibu ya kwanza," alisema, "baraza lingesikia sauti yako mara kumi na mbili na kudhani ni mtaa mzima. Rangi ya mtu haijibu maswali, Jaleesa. Mtu ndiye hujibu. Na asiyejibu, usimjibie."