Namba Aliyoiandika Dalila Bila Kutazama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti yangu Dalila alipita kwenye kibanda cha bomba la maji, yaani pampu inayozungushwa na mota ya umeme. Kazi yake ilikuwa ndogo. Ndani ya kibanda, ukutani, kuna kisanduku cha umeme tunachokiita variador. Hicho ndicho kinachoiamuru mota izunguke upesi au polepole, na usoni pake kuna kioo kidogo chenye namba ya mwendo. Dalila alitakiwa kuitazama namba ile, kuiandika kwenye daftari la maji pamoja na tarehe, kufunga mlango na kunirudishia ufunguo. Ufunguo kamati ya maji ilinipa mimi. Lakini mimi niliishia darasa la nne, na macho yameanza kuchoka. Dalila yuko la saba, mwandiko wake unapendeza. Nikamwachia.

Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Namoto, kwenye kivuko cha mto wa mpakani. Zamani zilikuwa nyumba chache huku chini tu. Vita vikaleta watu, wengi kutoka Mucojo, wakapewa viwanja kule juu kwenye mwinuko. Tangi likahamishiwa huko ili na wao wapate maji. Fundi wa wakati ule akaiongezea mota mwendo, maji yapate nguvu ya kupanda, kisha akaenda zake kutafuta kazi Afungi, kwenye mradi wa gesi. Kwa hiyo namba pale kwenye kioo ilikuwa mara 59, mara 60, mara inarudi 59. Haikutulia.

Na hapa mimi nina kosa langu, nalisema mapema. Siku moja nilifungua daftari nikakuta limejaa mikato.

"Mbona umefutafuta hivi?" nikamuuliza.

"Namba zinacheza, mama. Nikiandika hii, inageuka ile."

"Andika vizuri, mwanangu. Kamati wakiona uchafu huu watasema Mama Dalila kampa mtoto daftari achezee."

Nikamnunulia daftari jipya, nalo likawa safi. Kila mstari, 50. Miezi minne, 50, 50, 50, zimepangwa kama shanga. Nikafurahi, wala sikuuliza kwa nini namba zimeacha kucheza. Kumbe mtoto alikuwa haingii tena kibandani. Aliona 50 kwenye kibati cha mota, na shuleni walifundishwa kwamba umeme wetu ni wa mara hamsini kwa sekunde, akasema basi hiyo ndiyo sahihi. Anaiandika akiwa nje, mgongo kwenye mlango, kisha anakimbilia kuruka kamba na rafiki yake Ilda kabla kengele haijalia.

Mwisho wa miezi hiyo minne mjusi akaingia ndani ya variador. Akaungua yeye, na chenyewe kikaungua. Kibati chake cha maelezo kilikuwa kimeliwa na kutu siku nyingi, hakuna aliyejua ukubwa wake. Kamati ikamtuma Ibraimo, mfanyabiashara anayevuka mto kwenda Mtwara kila wiki, akatafute kingine. Alichukua karatasi ya maelezo ya bomba na daftari letu. Muuza duka akamuuliza, "Bomba linazunguka mwendo gani?" Ibraimo akafungua daftari. Hamsini. Muuzaji akasoma karatasi, akasema, "Kwa hamsini, bomba hili linataka kilowati tatu tu. Chukua variador ya kilowati nne, inatosha na kubaki."

Akaja fundi kutoka Palma, mwanamke anaitwa Olívia, akaifunga. Akaweka hamsini. Mota ikaunguruma vizuri, variador haina neno. Tukapeleka mtu juu kwenye tangi. Hakuna hata tone. Olívia akaongeza mwendo, maji yakaanza kutiririka kidogo, tukapiga vigelegele. Akaongeza tena, kioo kikatoa herufi mbili za onyo, mota ikazima. Akangoja, akawasha. Ikazima. Siku tatu hivyo hivyo. Ukiipunguza haipandishi maji, ukiiongeza inazima. Mimi kichwa kilinizunguka kuliko hiyo mota.

Pale kibandani kila mtu alikuwa fundi.

"Limerogwa," alisema bibi mmoja. "Watu wa chini hawataki wa juu wanywe."

"Lirogwe na nani, bibi? Ibraimo kauziwa bati!"

Ibraimo akaruka. "Nyie! Mimi nimevuka mto nimekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, leo naambiwa nimeleta bati? Kaleteni wenyewe!"

"Usikasirike, kaka. Kwani ulilijaribu?"

"Nilijaribu wapi? Kwenye mtumbwi?"

Watu walicheka, lakini mimi sikuweza kucheka. Watu wa juu walikuwa wamerudi kuchota kwenye kisima cha zamani, kile kilicho wazi, ambacho mvua inakipelekea uchafu wote wa mtaa. Naogopa kipindupindu kuliko ninavyoogopa nyoka. Kila jioni niliwaza, leo nani ameanza?

Siku ya nne Ilda, ambaye kwao ni kule mwinukoni, hakuja shule. Dalila alipita kwao, akarudi mbio. Mdogo wake Ilda, Faizal, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa anaharisha na kutapika tangu alfajiri, wamemkimbiza kituo cha afya. Nilimpakulia Dalila chakula, akakitazama tu. Nikamgusa paji la uso kwanza, maana nami ndivyo nilivyo. Hana homa.

"Nini, mwanangu?"

"Mama, twende kwa shangazi Olívia, yule fundi."

Tulimkuta Olívia ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya kibanda, daftari letu magotini. Ibraimo alikuwa pembeni, bado amenuna.

"Afadhali umekuja, Mama Dalila," Olívia akasema. "Hapa ndipo panaponichanganya. Daftari linasema bomba limezunguka hamsini kwa miezi minne. Mimi nimeona kwa macho yangu, kwa hamsini maji hayafiki juu. Sasa watu wa juu miezi minne walikunywa nini? Upepo?"

Nikafungua mdomo nimtetee mwanangu, kwamba anaandika vizuri sana. Dalila akanitangulia.

"Shangazi, daftari linasema uongo. Niliandika mimi. Nilikuwa sitazami."

Nilitamani ardhi inimeze. Ibraimo akashika kichwa kwa mikono miwili. Olívia peke yake hakufoka. Aliuliza taratibu, "Na zamani, ulipokuwa ukitazama, uliona ngapi?"

"Hamsini na tisa. Sitini. Zilikuwa zinacheza."

"Ahaa! Sitini!" Olívia akapiga paja. "Basi variador haina kosa, na Ibraimo hana kosa. Kisanduku ni kidogo kwa kazi hii."

Mimi sikuelewa. "Lakini fundi, kutoka hamsini kwenda sitini ni kumi tu. Kumi hizo ndizo zinazokishinda?"

"Mama Dalila, umewahi kutembea kwenye maji ya bahari yanayofika kiunoni? Ukitembea, yanakupisha. Ukikimbia kidogo tu, yanakushika kama watu. Bomba nalo ni hivyo hivyo, kazi yake haipandi kwa kujumlisha." Akamgeukia Dalila. "Mtaalamu wa namba, gawa sitini kwa hamsini."

"Moja nukta mbili."

"Izidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha tena kwa moja nukta mbili."

Dalila akachora chini kwa kidole. "Moja nukta saba na kitu."

"Sasa zidisha kwa kilowati tatu, zile bomba linazotaka kwa hamsini."

"Tano na ushei."

"Umeona? Tumelifungia bomba kisanduku cha kilowati nne, nalo linataka zaidi ya tano. Kikizidiwa kinazima ili kisiungue. Mota yenyewe ina tano na nusu, inamudu. Ukitaka mota izunguke kupita mwendo ulioandikwa kwenye kibati chake, usinunue variador kwa kusoma kibati wala karatasi tu. Uliza kwanza, kweli itazunguka ngapi? Halafu piga hesabu ya kazi kwa mwendo huo, kisha chukua kinachotosha na kubaki. Hapa tunataka cha saba na nusu."

Sidai kwamba nilielewa yote. Ile ya kuzidisha mara tatu bado inanichanganya hadi leo. Lakini nilielewa kwamba kwa ajili ya namba moja isiyotazamwa, mtoto wa watu amelazwa.

Dalila alimwendea Ibraimo. "Kaka Ibraimo, nisamehe. Wamekutukana kwa ajili yangu."

Ibraimo akamjibu, "Safari hii nikivuka, utanipakatia wewe hicho kisanduku?" Dalila akainama. "Haya, nimekusamehe. Lakini kesho useme mbele ya wale walioniita muuza bati. Kwa sauti."

Alisema. Alisimama mbele ya kibanda, akasema, na bibi wa urogi akawa wa kwanza kuguna. Mimi nilisimama karibu naye, nikasema na langu pia. Ibraimo akavuka mto pale Namoto na variador ile, muuza duka akaibadilisha kwa kubwa zaidi. Siku mbili za safari yake tulizunguka mwinukoni na Dalila, nyumba kwa nyumba, kuwaambia watu wachemshe maji kabla ya kunywa. Tulibeba na kuni.

Olívia alipofunga kisanduku kipya, alimwita Dalila asimame mbele ya kioo. Akaongeza mwendo polepole. Hamsini. Hamsini na tano. Sitini. Mota ikaimba, haikuzima. Baada ya muda tukasikia kelele kutoka juu, watoto wanapiga tangi kwa mikono, maji yanaingia. Faizal alikuwa ameshatoka kituo cha afya, amekonda, lakini anadai uji.

"Andika," Olívia akamwambia Dalila.

"Inacheza, shangazi. Hamsini na tisa, sitini."

"Andika hivyo hivyo kwamba inacheza. Sikiliza, binti. Mimi sikai hapa. Nikija, macho yangu ni wewe. Daftari chafu lenye kweli naweza kulitengenezea kitu. Daftari safi la uongo linanipeleka kutengeneza kisichoharibika. Na kama siku hiyo hukutazama, andika 'sikutazama.' Hilo nalo ni jibu."

Ninyi wanafunzi mtakaosoma haya, nayasimulia kwa sababu naogopa, maana mama haachi kuogopa. Mtapewa siku moja namba ya kuandika: ya dawa, ya maji, ya joto la mgonjwa. Mtaona kama kitu kidogo. Kuna mtu asiyewajua atakunywa kwa namba hiyo. Tazameni kwanza. Nanyi wazazi wenzangu, mtoto akikuletea daftari lenye mikato, usimkaripie haraka kama nilivyofanya mimi. Muulize ameona nini.