Lugha Iliyofungiwa Uani

Kila asubuhi Mama alifungua dirisha la mbele, akasogeza cherehani kwenye mwanga. Alikuwa fundi wa sare za shule. Sebule yake ndiyo ilikuwa duka. Baba alitengeneza viatu sokoni. Alirudi jioni, vidole vinanuka gundi.

Mtoto wao alikuwa na miaka sita. Alikuwa haishi maneno, kwa hiyo wakamwita Chiriku.

Uani kulikuwa na jiko na chumba cha Bibi, mama yake Baba. Bibi alijua lugha ya kwao tu. Kwao ni ng'ambo ya mto. Pale mtaani, watu wa huko waliitwa "wavukaji", na neno hilo lilikuwa tusi. Chiriku alilala kitanda kimoja na Bibi, na lugha ile ilimwingia bila kufundishwa.

Mama alimpenda mkwewe. Lakini aliogopa kukosa wateja. Alimwambia Chiriku, "Mwanangu, wateja wakiwepo, ukisikia Bibi anasema, pandisha redio."

"Hadi juu?"

"Hadi juu kabisa. Watu wasijue."

Chiriku aliona ni mchezo. Akawa hodari sana.

Siku moja alikuja muuza mikate kumpimisha mwanawe sare.

"Fundi, hii mifuko ishone mara mbili," alisema. "Darasani kwao wameingia wavukaji. Hao wanakuibia usingizi na wewe umeulalia!"

Mama alicheka. Chiriku naye akacheka, kwa kuwa mama yake amecheka.

Mara sauti ya Bibi ikatoka uani. Ilikuwa kali.

"Nani huyo?" aliuliza muuza mikate.

Chiriku alikwisha kuruka. Alipandisha redio hadi juu kabisa. Mama akainamisha kichwa, akaendelea kupima mabega ya mtoto wa watu.

Mteja alipoondoka, Mama alipeleka sahani jikoni. Alimkuta Bibi sakafuni. Sufuria ya maji ya moto ilikuwa imempindukia. Khanga ilikuwa imegandana na paja. Bibi hakuwa akipiga kelele tena. Alikuwa anatetemeka tu, kama mtu mwenye baridi.

Chiriku alisimama mlangoni. "Alisema anaungua," alisema taratibu. "Nilimsikia, Mama. Nikapandisha."

Baada ya hapo hakusema tena.

Hospitalini hali ilikuwa mbaya zaidi. Wodi ilijaa wagonjwa na ndugu zao. Muuguzi alikuwa akisafisha kidonda, na Bibi alikuwa akilia na kusema maneno. Muuguzi alimgeukia Baba.

"Anasemaje mzee wako?"

Baba alitazama vitanda vya huku na huku. Masikio yote yalikuwa yamesimama. "Sielewi vizuri," alisema. "Ni mambo ya uzee."

Bibi alimtazama mwanawe. Kisha akageuza uso ukutani. Chiriku aliyaona yote hayo akiwa ameshika upindo wa sketi ya mama yake.

Wiki iliyofuata mwalimu wa chekechea alikuja nyumbani. Alikuwa jirani pia, nyumba ya tatu. Aliwakuta Baba na Mama wamekaa, cherehani imefunikwa.

"Nimekuja kwa ajili ya Chiriku wenu," alisema. "Darasani hafungui mdomo. Jana tu ndiyo aliniita pembeni akaniuliza swali moja."

"Swali gani, Mwalimu?" aliuliza Mama.

"Aliniuliza, damu ya baba inaweza kutolewa ikabaki ya mama peke yake?"

Mama alifunika uso kwa khanga, akasimulia yote: tusi la muuza mikate, kicheko chake mwenyewe, na redio.

"Lakini hatujawahi kumwambia watu wa kwetu ni wabaya!" alisema Baba. "Hata siku moja!"

"Najua, baba. Ila mtoto hangoji kuambiwa. Akiwa mdogo kuliko huyu, tayari anaona tofauti za rangi ya ngozi, nywele na usemi. Asichojua ni maana yake. Maana anaichukua nyumbani. Anaangalia nani anafichwa. Anasikia nani anachekwa, na mama anapocheka, anajua tusi lile ni la kweli. Halafu anagundua kwamba anayechekwa ni yeye mwenyewe, nusu yake."

"Mimi nilipigwa mawe kwa lugha ile nikiwa mdogo," alisema Baba. "Sikutaka apate nilichopata."

"Nimekuelewa. Lakini amekipata hapa ndani, bila jiwe."

Mama alishusha khanga usoni.

"Tufanyeje?" aliuliza Mama.

"Kwanza, mwambieni kosa la redio si lake. Mwambieni leo, msingoje akue. Mwambieni pande zake zote mbili, na zisemwe kwa sauti. Baba, msimulie watu wako ni akina nani, mazuri na magumu yao. Mtaani atatukanwa, hilo hamwezi kulizuia. Basi mfundisheni jibu kabla tusi halijamfikia. Na wewe, mama, mteja akitania, usicheke."

"Wataondoka, Mwalimu."

"Baadhi yao wataondoka," alisema mwalimu. Hakumdanganya.

Mama alimwita Chiriku, akapiga magoti mbele yake. "Mimi ndiye niliyekutuma," alisema. "Wewe ulinitii tu. Nisamehe, mama'ngu." Chiriku alimwegemea shingoni.

Jioni walikwenda hospitali wote watatu. Wodi ilikuwa imejaa vilevile. Baba alisimama kando ya kitanda. Akafungua kinywa, akamsalimia mama yake kwa lugha yao, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

Mwanamke wa kitanda cha pili alisonya. "Kumbe wavukaji!"

"Kwetu ni ng'ambo ya mto, ndiyo," alisema Baba. "Na huyu ndiye aliyenizaa."

Bibi alianza kulia. Alishika mkono wa mwanawe akasema maneno mengi, haraka haraka, kilio kikiyakatiza, hata Baba yakampita. Muuguzi alikuja na sinia la dawa, akaanza kufungua bandeji ya paja.

"Siyo hapo."

Wote waligeuka. Ilikuwa sauti ya Chiriku, imekauka kwa kutotumika.

"Anasema siyo hapo panapomchoma sana. Ni chini. Kwenye kisigino. Anasema amewaambia siku nyingi."

Muuguzi aliinua mguu wa Bibi. Nyuma ya kisigino ngozi ilikuwa imechubuka na kuanza kuoza kwa kulala upande mmoja. Hakuna aliyekuwa amepaona.

"Tungechelewa zaidi, tungekata mguu," alisema muuguzi. "Muulize, mwanangu, panauma tangu lini?"

Goti la Bibi halitakunjika tena kwa sababu ya kovu la paja, na muuza mikate amehamia kwa fundi mwingine. Lakini jioni ile Chiriku alipanda kitandani, akainamisha kichwa karibu na cha Bibi, akamuuliza. Kisha akamsikiliza mpaka mwisho.