Pumzi Alizozifuta

— Pumzi zangu ziko wapi?

Mumewe, fundi sauti, hakugeuka. Spika zilirudia noti nne zilezile, okestra nzima ikinong'ona, na juu yake filimbi ya mkewe, safi kama sahani iliyooshwa.

— Nimezitoa. Si kusafisha sauti ndiyo kazi yangu?

— Mtunzi alisema ziachwe.

— Mtunzi, mtunzi! Tangu umjue huyo bwana, ndoa yetu ina watu watatu. Nusu saa noti nne, halafu katikati mke wangu anahema! Unamhemea nani?

Wenye wivu wengine huvunja vikombe. Huyu alikaa na mashine, akakata pumzi moja baada ya nyingine, na kila moja ilimchoma roho.

— Basi rudisha. Rekodi ya mwanzo unayo.

Hapo ndipo alipogeuka.

— Nayo nimeifuta. Hasira, mama watoto. Lakini tutarekodi upya, nitawaita wote...

— Siwezi.

— Huwezi au hutaki?

— Daktari amenikataza filimbi. Mapafu yamekwisha, baba watoto. Ile ilikuwa mara ya mwisho.

Fundi aliondoa mkono kwenye mashine.

— Filimbi, yeyote anaweza kuipuliza, mkewe akasema. Pumzi ndiyo mimi. Nilimwomba mtunzi aniachie nafasi za kupumua, ili nikiondoka ubaki nazo. Hata yeye nilimkataza kukwambia.

Kwenye simu ya fundi kulikuwa na ujumbe wa mtunzi ambao alikuwa ameususa tangu juzi. Sasa akaufungua.

"Shemeji, tafadhali usiguse pumzi. Huo ndio muziki wenyewe. Siku moja utanielewa."

Majuto ni mjukuu, lakini huyu wake alikuwa tayari mlangoni. Akakurupuka, akasogeza kipaza sauti mbele ya mkewe.

— Pumua. Usipulize kitu. Pumua tu, nakuomba!

Mkewe alijaribu. Kikohozi kikamkamata, akajiinamia, taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka.

— Zima.

— Mara moja tu, mke wangu!

— Zima, bwana. Bado nipo. Njoo huku.

Akazima. Akapiga magoti, akaweka sikio kifuani mwa mkewe, machozi yakiloanisha gauni. Mle ndani mlikuwa mkikwaruza na kukoroma, pumzi zikipanda na kukwama.

Hakutaka kusafisha chochote.