Umefika? Umekula?

Mtaa wa maduka ulikuwa umefurika watu wa jioni, na binti mpiga pasi alikuwa akipenya katikati yao mbiombio, akirudi alikotoka. Gauni lake la kijani, alilolinyoosha mwenyewe likakaa kama jipya, lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Alikuwa ameshakaribia nyumbani moyo ulipomwambia: pasi hukuizima. Moyo wake ulimwambia hivyo karibu kila siku. Kila siku alirudi, akaikuta imezimwa, na kesho yake moyo ukaanza upya bila haya.

Alipokata kona, akakutana uso kwa uso na mtu aliyetoa macho kama amefumaniwa. Kumbe ni yeye mwenyewe. Mbele yake kulikuwa na kioo kirefu, na nyuma ya kioo mwanamume aliyekibeba.

"Dada, ukipita humu utatokea upande wa pili vipande vipande," mwanamume alisema. "Kuna moto wapi?"

"Sijui bado!"

Mwanamume alicheka. Alivaa shati la buluu lililokunjwa mikono, na viganja vyake vilikuwa na makovu membamba.

"Legeza magoti," alimwambia. "Ukiyakaza hivyo, hofu haina pa kutokea. Shusha mabega. Sasa vuta pumzi, ifike chini ya kitovu."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Fundi vioo. Ila kioo hakipendi mkono unaotetemeka, ndiyo maana nikafundishwa."

Aliyemfundisha ni Mchina mmoja mzee waliyekuwa wakikata vioo pamoja kiwandani. Mazoezi yale huitwa chigong: mwendo wa polepole, pumzi ndefu, na akili kutulizwa mwilini isitangetange. Kila alfajiri fundi alisimama uani kwake, magoti yamelegea, mikono mbele ya kifua kama anayekumbatia mti.

Fundi alimsindikiza hadi kwa dobi, alikofanya kazi. Pasi ilikuwa baridi. Wakapeana namba.

Tangu hapo simu haikupumzika.

"Umefika?"

"Nimefika, Roho Juu wangu," fundi alimjibu kwa jina alilompa.

"Umekula?"

"Nakula sasa hivi. Unataka nikutafunie usikie?"

"Kioo hakijakukata?"

"Kinakuogopa wewe, mpenzi. Kinajua kitaulizwa."

Dada mkubwa wa binti, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyekitia mchanga kitumbua hicho. "Mwanamume hapigiwi simu kama gari la wagonjwa," alimwambia. "Utamchosha, akimbie. Yule mtulivu, wewe kiherehere. Mtaivaje chungu kimoja?"

Maneno yale yalimwingia kama mwiba. Kutoka siku hiyo, kila mkono ulipoifuata simu, binti alisimama kando ya meza ya pasi, akalegeza magoti, akakumbatia mti asiouona.

"Unamkumbatia nani humo?" Mama Dobi, mwenye duka, alimtania.

"Simkumbatii mtu, mama. Najizuia."

Na kweli, mazoezi yalimfaa. Usingizi ulirudi. Zipo jioni alizokwenda nyumbani moja kwa moja, bila kugeuka. Lakini chini ya kitovu, pale pumzi ilipofika, swali lilikuwa limekaa palepale: yuko wapi sasa hivi? Hakuliuliza. Fundi naye alipopiga, maneno yake yalizidi kuwa machache.

"Umetulia siku hizi," alisema siku moja.

"Si ulinifundisha?"

"Ndiyo," fundi alijibu.

Ikafika siku ambayo fundi angekuja kujitambulisha kwa dada mkubwa. Chai ilichemka, ikapoa. Fundi hakuja. Binti alisimama chumbani, mikono imekumbatia hewa, machozi yakimchuruzika hadi shingoni. Asipige. Akipiga atamkimbiza. Asubuhi hakuna simu. Kesho yake tena, kimya.

Siku iliyofuata, akiwa katikati ya kunyoosha shati la mteja, magoti yalikataa kulegea. Pumzi ilikataa kushuka. Alichukua mkoba, akatoka.

"Wewe! Unakwenda wapi?" Mama Dobi aliita. Hakumjibu.

Alimkuta fundi amekaa kwenye kigoda mlangoni pa karakana yake, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwiko.

"Nani kakukata?"

"Kioo. Siku ile nakuja kwenu." Fundi hakuinua macho. "Nikashonwa. Nimekaa hospitali simu nimeiweka mapajani. Nikasema, sasa hivi atauliza umefika. Hukuuliza. Nikaona basi, umenichoka, nisikung'ang'anie."

"Nimekuchoka?" Sauti yake ilipasuka. "Nilikuwa nakufa pale chumbani! Nilisimama nikakumbatia hewa mpaka mabega yakawaka, nisikupigie. Dada alisema nakuchosha!"

"Mimi sina mama, sina dada," fundi alisema polepole. "Watu wote wananiona mtulivu, basi hakuna anayeniuliza kama nimekula. Ni wewe tu. Nilikufundisha upate usingizi. Sikukufundisha uniache."

Mkono wake mzima ulikuwa unatetemeka. Binti aliushika. Ukaendelea kutetemeka, na wake pia.

"Nioe," fundi alisema. "Yaani, nikuoe. Hata sijui nasemaje."

Binti alifungua mdomo amjibu. Ghafla akatoa macho.

"Pasi!"

"Twende."

"Mkono wako! Twende polepole."

"Nani kasema polepole? Kimbia!"

Wote wawili wakaukata mtaa wa maduka, bandeji nyeupe ikipepea, watu wakiwapisha. Walipoingia kwa dobi, Mama Dobi alikuwa amekaa anakunja mashuka.

"Pasi!" wote wawili walisema, pumzi juu juu.

"Pasi ina nini? Uliizima mwenyewe, ukaisimamisha, ndipo ukatoka kama mwehu. Nilikuona kwa macho yangu."

Binti aliigusa. Ilikuwa na vuguvugu tu. Mkono wake ulikuwa umejua la kufanya hata kabla yake. Akaegemea meza, akashusha mabega, na safari hii pumzi ilishuka yenyewe bila kuitwa.

Fundi alikuwa bado amesimama mlangoni. "Mimi sijajibiwa," alisema.

Binti alimtazama kuanzia bandeji hadi midomo iliyopauka.

"Umekula?" aliuliza.

Fundi akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyefika kwake.

"Bado," alisema. "Niulize tena."