Sababu ya Malipo

Kengele za jioni zilikuwa zikilia Nunziata alipoingia dukani kwa Don Aniello kununua mashuka ya arusi ya binti yake. Katika Napoli hii, bibi arusi asiye na mashuka hurudishwa kwao kwa kejeli. Mkononi alishika hati ya nyumba ya rehani ya kanisa, ile inayowakopesha maskini kwa huruma na kuwapa karatasi badala ya fedha.

"Mungu amrehemu mama yako," alisema Don Aniello akichovya kalamu. "Haya, nyuma ya hati niandike umeipata wapi na unalipia nini?"

Ndiyo desturi. Kila anayelipa huandikiwa jina na sababu, kisha karatasi hupita kwa mwingine.

"Andika: mashuka, kwa herini za marijani alizoniachia mama, nilizoziweka rehani."

Akaandika. Wino ukadidimia... ukatoweka.

Akarudia.

Patupu.

Ikaja harufu ya nta na udongo mbichi. Nyuma ya marobota ya vitambaa mtu alivuta pumzi... taratibu... kama mgonjwa.

"Mama wee," alinong'ona Don Aniello, "usinitie balaa dukani. Sema kweli!"

Nunziata akakiri. "Alitaka azikwe nazo. Nilimvua kabla hajapoa. Moja ilikwama... nikaivuta. Sikio likachanika."

Kalamu ikakimbia. Wino ukashika, mweusi tii. Kule nyuma pumzi zikakoma.

"Ichane, nakuomba!"

"Nichane pesa? Una wazimu?" Akamsukumia mashuka bila kumtazama. "Itazunguka kama nyingine."

Tangu hapo Nunziata alipita sokoni kichwa chini. Kila aliyecheka, alidhani ameisoma. Alijiona mchafu, na kweli alikuwa amejichafua mwenyewe.

Siku ya arusi, baba wa bwana arusi, Don Tiberio muuza mafuta, aliweka zawadi mezani. Karatasi iliyokunjwa, nyuma imejaa majina.

Nunziata aliitambua kabla haijakunjuliwa.

"Pesa ni pesa, mkwe," Don Tiberio alimwambia Nunziata polepole. "Ila mimi husoma kila ninachopokea."

Nunziata alitamani ardhi ipasuke immeze. Katikati ya harufu ya biskuti za lozi ikapenya harufu nyingine, ya nta na udongo mbichi.

Bibi arusi akashika sikio lake.

"Mama..." alisema. "Nani ananivuta?"