Pamba ya Jaji

"Pamba hii ndiyo utakayoweka. Usiiguse kwa mkono mtupu."

Ovelar, mtu wa Don Eulalio, alisukuma kichupa mezani kwa mdomo wa bastola yake, Glock.

Nimia Cabrera hakuinua uso. Kwa miezi saba Idara ya upelelezi ilikuwa imempachika katika duka hili la sigara za umeme, mjini Ciudad del Este, kama fundi wa kusafisha. Alitumwa kufuata magendo ya Don Eulalio. Mauaji hayakuwamo katika maagizo.

Sigara iliyokuwa mbele yake aliijua vizuri. Ilikuwa ya jaji. Saa tisa alasiri jaji huyo angetia saini hati ya kumsafirisha Don Eulalio akashtakiwe ng'ambo.

Dereva wa jaji, Leoncio, alikuwa nje ya kaunta akinywa tereré, chai baridi ya majani.

"Dada Nimia, fanya upesi! Mzee asipovuta, mimi ndiye ninayetukanwa."

Nimia hakuweza kupiga kelele. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa Ovelar. Wenzake walikuwa wakisikiliza simu ya duka tu, nayo isipoita, yeye ni bubu.

Alilifungua tangi. Akaliosha kwa maji ya moto, akalikausha. Akasugua koili, ule waya unaopasha pamba moto, kwa brashi mpaka masizi yakatoka. Kisha akavaa glavu, akaishika pamba ya sumu kwa koleo na kuitia kwenye koili.

Ovelar alirudi nyuma hatua mbili, akaziba pua.

Sekunde moja tu.

Nimia akabandika kipande cha utepe wa plastiki usioonekana juu ya kijipini cha chini, pale umeme unapopita, ili koili isipate moto. Akafunga.

"Kijaribu kifaa hicho," Ovelar aliamuru.

"Jaribu wewe."

Walitazamana. Ovelar akatema mate sakafuni. "Mpe aende zake."

Leoncio akakipokea, akakibusu. "Wa kwanza kuonja ni mimi. Mzee hajui!"

Akaondoka akicheka.

Utepe ungeweza kubanduka. Leoncio angeweza kukifungua, akafuta kijipini kwa shati. Na yeye amekaa hapa, mikono inanuka spiriti, bastola i kisogoni.

Dakika kumi.

Ishirini na tano.

Alisafisha tangi jingine ambalo halikuwa chafu.

Simu ya duka ikaita. Ovelar akamkazia macho. "Sema vizuri."

"Dada! Kitu chenyewe hakiwaki! Mzee amenuna kama wingu la mvua!"

Nimia akasogeza kinywa karibu na simu. "Kaka, msikifungue. Kifunge kwenye mfuko, ukilete. Fanya haraka, leo tunafunga mapema."

*Tunafunga mapema.* Kwa Idara maana yake ilikuwa moja: vamieni.

"Mjinga wewe, umeharibu!" Ovelar alimtwanga kofi. Akanyanyua Glock.

Mlango ukang'oka.

"Chini! Silaha chini!"

Nimia alipofumbua macho, Ovelar alikuwa kifudifudi chini ya buti tatu. Redio ya kapteni ikakoroma: "Don Eulalio tumemkamata kwenye gereji yake."

Baadaye Leoncio akafika na mfuko, akapigwa na butwaa.

"Ulivuta?" Nimia alimuuliza.

"Mara tatu. Hata moshi hautoki. Unanitengenezea au vipi?"

Nimia akautazama mfuko. Mara tatu. Mara zote hizo yeye alikuwa hapa, hana la kufanya.

Akauchukua mfuko, akamkabidhi kapteni. Akavua glavu.

"Mwambie mzee aache kuvuta," alisema, akatoka nje juani.