Duka la Seifu Limefungiwa

Mnada wa Katesh, vumbi na kelele za mbuzi, msichana wa sketi ya kijani akamkanyaga Tadei mguu.

"Samahani kaka!"

"Kanyaga na huu mwingine, nao usione wivu."

Msichana akacheka; jina lake Natalia. Kumbe wote waliajiriwa na kampuni moja ya kununua maharage: yeye karani wa ghala la Dongobesh, Tadei fundi wa mtandao Babati. Mwezi haukuisha, wakawa wapenzi.

Kuingia mtandao wa ofisi kutoka mbali, Natalia alitumia VPN, na intaneti ya uhakika ilikuwa dukani kwa Seifu. Seifu alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooka, mke hana. Kila asubuhi Tadei aliona kwenye kioo cha kompyuta yake: Natalia yumo, yuko kwa Seifu. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Chakula kikamshinda.

Alhamisi simu ikalia.

"Mpenzi, VPN inanikataa. Ripoti isipofika saa sita, bosi ameapa ataweka karani mwingine."

"Zima kompyuta, washa."

"Nimewasha."

"Andika nywila upya."

"Mara ya nne hii!"

Sauti ya kiume ikasikika nyuma: "Dada, chai inapoa."

"Anakupa na chai?" Tadei akauliza.

"Anampa kila mteja. Tadei, nisaidie, nitafukuzwa!"

"Intaneti ya huyo jamaa mbovu. Hama hapo."

Natalia akakumbatia kompyuta, akapanda bodaboda hadi ofisi ya parokia. Akaunganisha. VPN ikakubali papo hapo. Ripoti ikaenda zimebaki dakika nane. Akapiga simu, anahema.

"Kompyuta ile ile, nywila ile ile. Kwa Seifu kuna nini?"

Tadei akasema, "Nililifungia duka lake lisiingie kwenye VPN. Wivu, Natalia."

"Saa mbili nzima unaniambia zima, washa, na aliyefunga ni wewe?"

"Nimeshafungua. Jumapili naleta wazee kwa baba yako. Nakupenda."

"Ulikuwa tayari nikose kazi, Tadei. Wazee waache wapumzike."

Akakata. Siku nne hakupokea simu yake hata moja.

Jumatatu simu ya ofisi ikalia. Tadei akaidaka.

"Shikamoo," akasema Natalia.

Tadei alimzidi miaka tisa, lakini tangu wapendane Natalia hakuwahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba."

"Naomba kubadilishiwa nywila."